Piko ya Mjane

Bi Chausiku aliingia chumbani kwangu akisukumwa na binti yake Sauda kwenye kiti cha magurudumu, na kabla kiti hakijavuka kizingiti nilikuwa nimeshajua nimekwisha. Harufu ndiyo iliyotangulia kuniambia. Tangu tuletewe Zulia, mwaka wa sita huu, chumba changu hakijawahi kunuka miguu. Watu wa Itundwe wanaingia na viatu vyao, wanasimama juu ya Zulia kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, nalo linasoma damu, joto na rangi kupitia ngozi ya kiatu na uzi wa soksi, kisha picha ya mguu inatokea ubaoni na mgonjwa anakwenda zake. Wauguzi wapya hawajui kabisa kwamba zamani kazi hii ilikuwa ya kupiga magoti na kushika kisigino cha mtu. Mimi nilijua. Nilifundishwa chuoni, na nilifaulu.

Nilimwambia Sauda asimpandishe mama yake kwenye Zulia. Nikapiga magoti sakafuni, goti moja likalia kwa kukosa mazoezi, nikaanza kumvua soksi ya mguu wa kushoto. Ilikuwa imegandia nyamani. Nikailowesha kwa maji ya chumvi kidogo kidogo mpaka ikaachia, na muda wote huo Bi Chausiku ananitazama kwa upole, maana hasikii kitu; kisukari kilimtia ganzi miguu yote tangu mwaka juzi. Kidole cha pili kilikuwa cheusi mpaka kwenye shina lake, kimesinyaa, na wekundu ulikuwa umeshapita mgongo wa mguu unaelekea kwenye kifundo.

"Nisamehe mwanangu," akasema. "Nakunukia."

Aliniomba msamaha yeye. Katika maelezo haya kuna mengi ambayo ningependa kuyafuta, lakini hilo nimelitanguliza makusudi, ili msomaji ajue mapema ninamwandika mtu wa namna gani, na mimi mwenyewe ni wa namna gani.

Nilipiga simu hospitali ya mkoa walete gari. Wakati tunasubiri nikafungua faili lake ubaoni. Tarehe kumi na moja Julai, wiki tatu nyuma, asubuhi, Zulia lilikuwa limeandika hivi: kidole cha pili, mguu wa kushoto, weusi, kidole baridi, makadirio, pambo, asilimia themanini na moja, jicho la mtu litazame. Na chini yake, kwa herufi za kijani: jicho la mtu limethibitisha pambo. Tabibu Zamda Mlekwa.

Hilo neno, pambo, lazima nilieleze, kwa sababu ni langu.

Waliolitengeneza Zulia ni watu wa mbali, na hawakujua hina. Walilifundisha kwamba kidole cheusi ni kidole kilichokufa, wakatuletea. Itundwe ni mji wa reli ya zamani na misikiti ya zamani, na hapa harusi bila ile hina nyeusi tunayoiita piko si harusi, ni kikao. Mwezi wa kwanza tu, shangazi mmoja wa bibi harusi alipita kituoni kuchukua dawa zake za sukari, Zulia likamsoma vidole, likaita gari la wagonjwa lenyewe bila kutuuliza. Akapelekwa mkoani na gauni lake la shughuli, na daktari alipompangusa kidole kwa spiriti akakuta maua. Mji ulicheka wiki nzima. Baadaye kicheko kikaisha, maana wanawake waliacha kuja kliniki. Nani anataka kukimbizwa na king'ora kwa sababu alipendeza?

Basi nikajitwika kazi. Miezi mitatu nilihudhuria kila harusi ya Itundwe na Zulia nimelikunja kwapani, nikawasimamisha juu yake makungwi, mashangazi, mawifi na mabibi harusi wenyewe, miguu elfu moja na mia moja, na kila mguu nikaliambia: hili ni pambo, hili nalo pambo. Zulia lilijifunza. Wanawake wakarudi kliniki. Mimi nikaitwa Dodoma nikapigiwa makofi na ukumbi uliojaa madaktari, na sitasema uongo, nililala na cheti kile kitandani.

Watengenezaji walikubali somo langu kwa sharti moja. Pambo litabaki kuwa makadirio. Zulia likiandika pambo, tabibu amvue mgonjwa soksi, atazame kwa macho yake, kisha aseme kwa sauti neno moja: "Nimetazama." Zulia linaihifadhi sauti hiyo na kuifanya ushahidi. Mwaka wa kwanza nilikuwa navua soksi za kila mtu. Mwaka wa pili nikawa navua za wale ninaowatilia shaka. Kufika mwaka wa tatu, neno lenyewe ndilo lililokuwa kazi. Nililisema kama mtu anavyosema karibu, bila kuangalia nani anaingia, na si mimi peke yangu. Ukipita vituo vyote vya kanda yetu asubuhi utasikia nimetazama, nimetazama, kama watu wanaitikia dua.

Lakini hayo yote ni maelezo tu, hayanisaidii. Kuna jambo ambalo Zulia halikulijua na mimi nililijua. Mume wa Bi Chausiku, Mzee Sizya, alizikwa tarehe ishirini na saba Juni. Nilikuwa matangani, nilimenya vitunguu na akina mama wengine nyuma ya nyumba yake. Tarehe kumi na moja Julai Bi Chausiku alikuwa ndani ya eda, ametoka kwa dharura ya dawa tu, amejifunga nguo nyeupe kuanzia kichwani. Mwanamke wa eda hapaki hina, hatii wanja, hagusi manukato, miezi minne na siku kumi. Mtoto wa madrasa analijua hilo. Kama ningeinama na kukiona kidole kile kwa sekunde moja, nisingehitaji elimu yoyote ya chuo kujua kwamba weusi ule haukuwa wa furaha.

*

Mkoani alimpokea Dk. Nsia, daktari wa upasuaji, binti mdogo mwenye maneno machache. Alisema kidole hakiokoleki, na vidole vingine viwili vimeshaguswa. Akikata siku hiyohiyo atachukua nusu ya mbele ya mguu na kuacha kisigino. Bi Chausiku ni fundi wa kanzu, anashona kwa cherehani ya kukanyaga, na Dk. Nsia alimweleza kwamba kwa kisigino na kiatu maalumu atatembea na cherehani ataikanyaga. Wakichelewa, maradhi yatapanda, naye hawezi kuahidi yatasimama wapi.

Bi Chausiku akakataa. Tulidhani anaogopa kisu, Sauda akaanza kumbembeleza, mpaka ikabainika si kisu anachokiogopa. Alisema hakatwi mpaka wifi yake, Bi Nyanzala, aje auone mguu huo ukiwa bado uko mwilini.

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilitamani sakafu inimeze. Siku hizi faili la mgonjwa haliwi lake peke yake. Linakaa kwenye kadi ya kaya, na mkuu wa kaya akifa kadi inakwenda kwa mkubwa wa ukoo wake. Kadi ya Mzee Sizya ilikwenda kwa dada yake, Bi Nyanzala, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwoshaji wa maiti za wanawake, mtu anayeheshimika Itundwe hata na wale wasiompenda. Aliifungua kutafuta tarehe za kliniki za watu wa nyumba ya kaka yake. Akakuta imeandikwa kwamba mke wa marehemu kaka yake, siku ya kumi na nne ya eda, alikuwa na pambo mguuni. Na chini yake, kwamba tabibu ameliona kwa macho.

Tangu siku hiyo Bi Nyanzala hakukanyaga tena nyumba ya msiba, na nyuma yake hakuna mwanamke wa ukoo ule aliyekanyaga. Bi Chausiku alikaa eda peke yake na binti yake, akisikia kupitia ukutani kwamba kaka yao hata hajapoa kaburini mkewe ameshajipaka piko, ampakie nani? Alipeleka salamu kwamba hakupaka kitu. Akajibiwa kwamba mashine haina wifi wala shangazi, haiwezi kumsingizia mtu. Na kidole kilipoanza kunuka ikasemwa kwamba piko yenyewe ndiyo iliyomwozesha, zile piko za siku hizi za kuchanganywa na rangi ya nywele, ndio malipo yake. Kwa hiyo alikificha. Alikifunga kitambaa, akavaa soksi juu yake, kwa sababu kila alipokivua alihisi anaonyesha hina.

Hiyo ndiyo kazi ya neno langu. Nilidhani limemkosesha kidole. Kumbe kwanza lilimkosesha watu.

*

Kesho yake, Jumatano asubuhi, akaja mkaguzi kutoka mamlaka ya mashine za tiba, Ndugu Gwakisa, mtu mpole mwenye miwani na chupa yake mwenyewe ya chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkali. Mtu mkali ningemwambia kweli, nadhani. Huyu alinimiminia chai.

Alikuwa ameshaisoma kesi yote njiani na akaniambia haoni mkosaji. Zulia limekadiria pambo, jicho la tabibu limeona pambo, basi lilikuwa pambo. Piko yenye dawa ya nywele inaunguza ngozi, hilo limeandikwa vitabuni, na mgonjwa wa sukari mwenye ganzi hatasikia akiungua. Mgonjwa alipaka, akaungua, kidonda kikaoza. Zulia halikukosea, tabibu hakukosea, na mgonjwa hashitakiwi kwa kujipamba.

Nilimwuliza, na hapo nilikuwa bado natafuta ujasiri, je, kama mgonjwa yuko kwenye eda? Akaniuliza eda ni nini. Yeye ni mtu wa Rungwe, Mkristo, hakuwa na sababu ya kujua. Nikaanza kumweleza. Nilipofika kwenye hina nikaona maneno yangu yananipeleka wapi, nikaishia katikati ya sentensi.

"Tabibu," akasema, "watu wanakatazwa mengi na wanayafanya. Wewe ulitazama, si ndiyo?"

Nikanywa chai. Akangoja kidogo, kisha akanieleza njia nyingine, bila kunitisha, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Sauti ya siku ile ipo. Inafunguliwa kwa dole gumba langu tu, na ikifunguliwa nakala inakwenda makao makuu papo hapo. Wakiisikia ya Itundwe watataka kusikia za kanda nzima. Akanikumbusha tuko matabibu arobaini na kitu, na wagonjwa wangapi ambao hawana mtu mwingine. Akaniwekea maelezo yale mezani, mgonjwa aliungua kwa piko, jicho la tabibu lilithibitisha, na nafasi ya saini chini.

Nikatia saini. Nilijiambia nawalinda wenzangu, nikajiambia nawalinda wagonjwa wa kanda nzima, na yote hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana yalinifaa. Ukweli mtupu ni kwamba niliogopa kusimamishwa mbele ya watu walewale walionipigia makofi. Ndugu Gwakisa alinishukuru, akafunga chupa yake ya chai, akaondoka.

Alasiri ile nikaenda wodini. Sijui kwa nini nilikwenda. Labda nilitaka kumkuta ameshakubali kukatwa, nipumue. Dk. Nsia alinikuta mlangoni akaniambia bado nusu ya mguu inatosha, ila leo, na kama mimi najuana na huyo wifi basi nimlete hata kwa kumbeba. Ndani, Bi Chausiku aliponiona alijiinua kwenye mto, akamwambia Sauda anipishe kiti.

Alikuwa amenisubiri. Alikuwa na hoja, ameipanga vizuri. Wifi yake hamwamini yeye na haji kuutazama mguu, lakini yupo mtu aliyeutazama.

"Wewe ulikitazama, nilikusikia ukisema," akaniambia. "Nilikuwa na soksi, nikajua ninyi wasomi mnaona ndani ya soksi. Sasa nenda kamwambie Bi Nyanzala. Ulikiona cheusi cha hina au cheusi cha kufa?"

Jibu lilikuwa neno moja na nilikuwa nalo mdomoni. Sauda alikuwa ananiangalia, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kula. Nikasema nitakwenda, mama. Akanishika mkono akanibariki, akataka niletewe chai.

Sikwenda. Nilirudi nyumbani nikapiga pasi makoti yangu yote, hata ambayo hayakuwa na mikunjo. Alhamisi nikaingia kazini kama kawaida, na siku hiyo, sijui nilikuwa namdanganya nani, nilimvua soksi kila mgonjwa aliyesimama juu ya Zulia. Watu thelathini na mmoja. Nilipiga magoti mara thelathini na moja, nikashika visigino vilivyopasuka, nikatazama kati ya vidole, wazee wakashangaa na wengine wakaona haya kwa ajili ya kucha zao. Sikukuta kitu. Kila nilipoinuka nilijihisi mwema kidogo, na wema huo ulitosha kunivusha mpaka kwa mgonjwa anayefuata, kisha mpaka jioni. Mara mbili Sauda alinipigia simu. Sikupokea.

*

Ijumaa asubuhi Sauda hakupiga, aliniandikia. Mama ana homa, anatetemeka, na bado anasema tabibu amekwenda kwa wifi, tumsubiri.

Nilimkuta Bi Nyanzala barazani kwake akikata sanda na kuzikunja, kazi anayoifanya kila Ijumaa ili asikutwe hana. Alinikaribisha kwa heshima zote. Akadhani nimekuja kumtetea mgonjwa, akaniambia kabla sijakaa kwamba hana ugomvi na mimi, mimi niliandika nilichokiona, na ndiyo sababu yeye aliamini, maana ingekuwa ni mashine peke yake angesita.

Nilikuwa nimepanga kuzungumza. Nilipoyasikia hayo nikajua nikizungumza nitajipunguzia. Nikatoa mfukoni kibao changu cha kufungulia mafaili ya Zulia, nikaweka dole gumba juu ya sauti ya tarehe kumi na moja Julai. Kibao kikaniuliza kama najua kwamba nakala inakwenda makao makuu. Nikabonyeza najua.

Lazima niseme kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kuisikiliza. Nilidhani naikumbuka. Ilianza na mguno wa kiti, kisha ikaja sauti ya Bi Chausiku, ya chini, ya mtu wa msibani.

"Ngoja nivue soksi, mwanangu. Kuna kidole humu sikielewi."

Kisha yangu, nyepesi, yenye adabu nyingi.

"Usijisumbue, mama. Nimetazama. Haya, anayefuata."

Basi. Hapakuwa na zaidi. Hilo la kidole asichokielewa sikuwa nalikumbuka hata kidogo, naapa, na kutolikumbuka ndiko kulikonivunja pale barazani, kwa sababu maana yake ni kwamba hata masikio yangu siku ile hayakuwepo kazini. Alikuja kunionyesha. Alitoka ndani ya eda yake, akapanda gari, akakaa foleni, akaanza kuvua soksi kwa mkono wake, nami nikamzuia kwa adabu.

Bi Nyanzala aliniambia niirudishe. Akaisikiliza tena mkasi ukiwa mkononi. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama niliiona hina mguuni mwa wifi yake.

"Sikuona kitu, mama," nikasema. "Sikutazama. Niliandika bila kutazama."

Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. Aliuweka mkasi chini, akakaa akiitazama mikono yake, mikono iliyoosha nusu ya bibi zetu.

"Miaka thelathini na nne naosha wafu," akasema. "Cheusi cha hina na cheusi cha mauti sivichanganyi hata nikifumba macho, navijua kwa kidole. Nilikuwa na haja gani ya kusoma kadi? Hatua mia mbili mpaka kwake. Nilishindwa kwenda kutazama."

Akavaa viatu. Njia nzima mpaka mkoani hakunisemesha, nami nikatumia kimya hicho kumpigia Ndugu Gwakisa na kumwambia saini yangu ya Jumatano ni ya uongo. Alishusha pumzi ndefu upande wa pili. Alisema nakala ya sauti imeshafika, nisubiri kuitwa, na akaniuliza, bila ubaya, kwa nini sikulisema hilo mbele ya chai.

*

Wodini Bi Nyanzala hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka miguuni mwa kitanda, akafunua shuka, akakishika kile kidole kwa mkono mtupu, akakigeuza, akakibonyeza kwenye shina. Hakuziba pua. Wanawake wa vitanda vyote walikuwa wanaangalia, na yeye alitaka waangalie, kwa sababu alisema kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni kwamba hii si hina, haijawahi kuwa hina, na wifi yake hakupaka kitu. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akamwomba radhi, wakashikana wakalia wote wawili, na Bi Chausiku katikati ya kulia akaanza kucheka, akimwambia mwenzake aone sasa alivyomchelewesha, mguu wenyewe umeshachoka kusubiri. Homa ilikuwa inamwaka na uso wake ulikuwa mweupe kwa furaha. Alibonyeza dole kwenye karatasi ya ruhusa kabla Dk. Nsia hajamaliza kuisoma.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya pazia. Akaniita. Bi Nyanzala alikuwa ameshamwambia habari ya sauti na ya soksi, kwa maneno machache, na nilingoja jicho lake libadilike, halikubadilika. Alinishika tena mkono kama Jumatano.

"Ulikuwa na haraka siku ile," akasema. "Foleni ilikuwa ndefu, niliiona. Lakini umekuja kusema, Mungu akulipe. Sasa wachukue hiyo nusu yao, mimi nibaki na kisigino changu."

Dk. Nsia alinitazama juu ya karatasi zake. Aliona kazi hiyo si yake. Nikamwambia Bi Chausiku kwamba nusu ya mguu ilikuwa juzi. Leo maradhi yamepita kifundo, na atakatwa chini ya goti.

Alikaa akiupima mguu kwa macho, kutoka kwenye vidole mpaka hapo nilipoonyesha. Akauliza kama ni kwa ajili ya kuchelewa. Nikasema ndiyo; mpaka juzi jioni bado ingewezekana, jana ndiyo iliyoharibu.

"Na jana wewe ulikuwa bado hujajua," akasema. Alikuwa ananitafutia njia, nilimwona akinitafutia, na alinitazama kwa matumaini kama mtu anayemngojea mtoto amalizie aya aliyoisahau.

Ningeweza kuitikia kwa kichwa. Sauti ya Julai haikuwa na habari ya jana, na Gwakisa asingejua, wala Bi Nyanzala. Kichwa changu kilianza hata kuinama.

"Nilijua, mama," nikamwambia. "Nilijua tangu siku ulipoletwa kituoni. Nilipovua soksi tu nilijua. Jana nilikuwa kazini."

Aliuachia mkono wangu. Hakuusukuma, aliuweka juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa hapo. Nje ya mlango machela ilikuwa imeshafika. Kisha Bi Chausiku akavuta shuka akafunika miguu yake yote miwili mpaka magotini, akaizungushia vizuri pande zote isionekane hata kidole.

"Sauda," akasema, "mwambie tabibu atupishe. Nataka kubadili nguo."

Nikatoka.